Maji ya Zedekiah

Zedekiah alikuwa dereva wa Mama Kanchan, kule Spring Valley. Alikuwa dereva hodari. Majirani zake wa Kangemi walisema angeweza kuegesha gari mahali ambapo baiskeli ingeomba radhi na kwenda zake. Walisema pia kwamba siku moja alirudi kinyumenyume kutoka Westlands hadi Kangemi bila kugusa jiwe. Hilo la pili ni uongo. Ilikuwa kutoka getini hadi barabarani tu, na jiwe aliligusa.

Kila asubuhi aliliosha gari na kulileta mbele ya mlango. Mama Kanchan alitoka na kikapu chake cha maua na ndizi, akaketi nyuma, na wakaenda hekaluni. Mama Kanchan alikuwa mjane aliyepita miaka sabini. Alikuwa mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Hakula nyama, hakula mayai, na pombe hakuwahi kuionja tangu azaliwe Ngara.

Katikati ya viti vya mbele palikaa chupa ya maji ya Zedekiah. Ilikuwa chupa safi, na kilichokuwa ndani yake kilikuwa cheupe kama maji. Lakini hayakuwa maji. Ilikuwa pombe kali, aliyoinunua Kangemi kila jioni.

Mwanzoni Zedekiah alikunywa Jumamosi tu. Halafu akaanza kunywa kila jioni baada ya kazi. Sasa alikunywa asubuhi, kwa sababu asipokunywa mikono ilitetemeka. Akipiga funda moja au mawili, mikono ilitulia. Alijiambia, "Mlevi ni yule anayelala mtaroni. Mimi nalala kitandani."

Mkewe, Naliaka, alikuwa na maoni mengine. "Unalala kitandani," alimwambia, "lakini na viatu. Na kichwa kiko upande wa miguu."

Jumatatu moja foleni ilikuwa mbaya. Kobe angetoka Spring Valley wakati ule, angefika mjini, angekunywa chai na mandazi, na angerudi kuwauliza kama wanahitaji kusukumwa. Mama Kanchan aliangalia saa. Ulikuwa wakati wa kumeza dawa yake ya presha. Akatafuta maji kwenye kikapu. Alikuwa ameyasahau nyumbani.

Aliweka kidonge ulimini. Akanyoosha mkono mbele na kuchukua chupa ya Zedekiah.

Zedekiah aliona kila kitu kwenye kioo. Alitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka.

Mama Kanchan alipiga funda kubwa. Macho yakamtoka. Aliteremsha dirisha akatema vyote, kidonge na pombe. Muuza njugu aliyekuwa akipita kati ya magari aliruka pembeni.

"Mama, huruma!" alisema. "Mimi nauza njugu. Kuoga nimeoga nyumbani!"

Mama Kanchan alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akafuta mdomo kwa ncha ya sari.

"Zedekiah."

"Ndiyo, Mama."

"Weka gari kando."

Alipolisimamisha, Mama Kanchan aliinusa ile chupa. "Hii harufu naijua," alisema. "Ndugu yangu Navnit alikuwa anaweka kwa chupa ya chai. Kila mtu anasema, 'Navnit anapenda chai sana!' Leta funguo."

"Mama, naweza kuendesha. Sijalewa."

"Mimi sijauliza kama umelewa. Mimi nimesema leta funguo."

Zedekiah alizitoa. Funguo zililia kwa sababu mkono wake ulitetemeka.

"Karibu nimeze dawa ya presha na hii kitu," alisema Mama Kanchan. "Na wewe unanibeba kila siku, watoto wa shule wanavuka barabara mbele yako. Umefikiria hiyo?"

Zedekiah alikuwa amefikiria, mara nyingi. Kila alipofikiria, alikunywa ili asifikirie.

Walirudi nyumbani kwa teksi. Mama Kanchan alimpigia daktari wake simu kuuliza kuhusu dawa. Halafu akatoka nje kwenye veranda, alipokuwa ameketi Zedekiah, akamletea chai.

"Umejaribu kuacha?" aliuliza.

"Nimejaribu, Mama. Krismasi nilijifungia nyumbani. Nikatetemeka kama mashine ya kusaga. Nikatoka jasho. Halafu nikaona siafu wanapanda ukutani, wengi, wamebeba sufuria yetu. Naliaka akasema ukuta hauna hata mdudu mmoja. Nikanywa kidogo, na siafu wakarudisha sufuria."

Mama Kanchan hakucheka. "Navnit aliona panya," alisema. "Wewe si mwendawazimu. Wewe ni mgonjwa. Lakini mgonjwa asiyetafuta dawa, huyo mimi siwezi kumpa gari."

Alimweleza habari za ndugu yake. Navnit alisaidiwa na kikundi cha watu waliokuwa wakiacha pombe. Walikutana kila Jumatano jioni katika ukumbi wa kanisa, katikati ya jiji.

"Mimi na sari yangu nampeleka kanisani kila Jumatano," alisema. "Jamaa wetu wote wakasema, 'Kanchan amebatizwa!' Mimi nangoja nje, nafuma sweta. Yeye anaingia na uso kama wa mtu anapelekwa jela. Anatoka na uso kama wa Navnit. Alianguka mara moja, akainuka, halafu hakugusa pombe tena mpaka uzee ukamchukua."

"Walimfanya nini huko ndani?"

"Sijui. Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Sweta ndiyo najua, nilimaliza nyingi sana." Akaziweka funguo kwenye kikapu chake. "Sasa sikiliza. Kijana wangu amesafiri. Anarudi mwisho wa mwezi. Nitamwambia ukweli. Nitasema dereva wetu ni mgonjwa na anatibiwa, au nitasema tutafute dereva mwingine. Wewe ndiye utachagua nimwambie gani."

Jumatano Zedekiah alivaa shati la kanisani.

"Unaenda wapi?" aliuliza Naliaka.

"Mkutano."

"Kama ule uliokurudisha na kiatu kimoja?"

Zedekiah alitaka kumwambia. Maneno yalifika kooni, yakageuka na kurudi yalikotoka. Akaenda mjini.

Ukumbi aliupata. Ulikuwa nyuma ya kanisa kubwa, si mbali na maduka ya vitambaa. Getini alikaa soja mwenye redio ndogo.

"Nikusaidie, mzee?"

"Natafuta mkutano."

"Gani? Leo kuna mikutano kama kumbikumbi."

Zedekiah aliangalia kushoto. Akaangalia kulia. Mwanamke mmoja alikuwa akipita na mfuko wa sukuma wiki. Zedekiah hakumjua, naye hakumjua Zedekiah. Hata hivyo alingoja mpaka apotee kwenye kona.

"Ule... wa jioni," alisema.

"Ah, wa jioni. Zunguka nyuma, mlango wa bluu."

Nyuma ya mlango wa bluu watu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Nyuso zao zilikuwa nzito. Zedekiah alijiambia, "Naam, hawa ndio wenzangu." Mbele alikaa mwenyekiti, mtu mkubwa aliyeitwa Odhiambo, miwani kwenye ncha ya pua.

"Karibu, ndugu yangu," alisema Odhiambo. "Wewe uko upande wa nyumbani, au wa kazini?"

Zedekiah alifikiria mahali anapokunywa. "Pande zote mbili," alijibu kwa aibu.

"Pole sana, basi. Keti."

Zedekiah akaketi nyuma kabisa. Odhiambo akaendelea.

"Kama nilivyosema, mwili utatoka mochari Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi. Basi litakuwa pale saa moja. Wanaosindikiza mwili mpaka nyumbani wabebe sweta. Jeneza tumeshachagua."

Zedekiah alishika kiti kwa mikono miwili. "Hawa watu hawana mchezo!" aliwaza. "Wanamwonyesha mlevi safari yake ya mwisho, mpaka basi!" Alijiona amelala ndani ya lile jeneza, na Naliaka kando yake amebeba sweta. Koo likamkauka. Na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, haikuwa kiu ya pombe.

"Sasa nisome tangazo," alisema Odhiambo. Akasafisha koo. "'Ndugu yetu mpendwa Sammy ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi...'"

Mwanamke wa mstari wa mbele alisimama. "Muda mfupi gani, Mwenyekiti?"

"Rachael, dada yangu, hivyo ndivyo watu huandika."

"Najua huandikwa. Mimi ni dada yake. Sammy alikunywa mpaka macho yakawa ya manjano. Alikunywa mpaka watoto wake wakaacha kumkimbilia mlangoni. Na sisi wote hapa tulikuwa tukisema, 'Sammy amechoka tu. Sammy ana malaria.' Tulimficha mpaka tukampoteza. Hata leo bado tunamficha."

Mtu mmoja aliangalia viatu vyake.

Zedekiah alisimama. Hakujua miguu imeamua saa ngapi.

"Mimi naitwa Zedekiah," alisema. "Mimi ni dereva. Nakunywa asubuhi, nakunywa jioni. Nimeweka pombe kwa chupa ya maji, na mama ninayemwendesha karibu ameze dawa nayo. Nimejaribu kuacha na nimeshindwa. Naomba mnisaidie kabla sijaingia kwa hilo basi."

Watu waligeuka wote. Odhiambo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu Zedekiah," alisema taratibu. "Hii ni kamati ya mazishi ya Sammy. Sisi hatutibu watu. Tunawazika."

Mtu fulani nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Zedekiah aliona moto masikioni. Alishika njia ya mlango. Kule mtaa wa pili kulikuwa na baa, na miguu yake iliijua bila kuonyeshwa.

"Wewe! Ngoja!"

Alikuwa Rachael. Alimkuta nje ukutani.

"Unatafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe?" aliuliza.

"Nilikuwa natafuta. Sasa naenda nyumbani."

"Nyumbani kupitia wapi?"

Zedekiah aliangalia upande wa baa. Rachael alitoa simu yake. "Namba yao ninayo. Niliitafuta kwa ajili ya Sammy. Nilimwomba aende, nikambembeleza, nikamtukana. Hakwenda. Sikuifuta. Sijui kwa nini sikuifuta." Akapiga, akampa simu. "Zungumza. Nimesimama hapa."

Sauti ya mwanamume ilijibu. "Kivuva hapa. Mimi ni mlevi, lakini leo sijanywa. Nani mwenzangu?"

Zedekiah alishangaa kwamba mtu anaweza kusema vile kama anayetaja kabila lake. "Zedekiah," alijibu. "Nimekuja mkutano wenu. Nimekuta mazishi."

Kivuva alicheka, lakini kicheko chake hakikuuma. "Pole, ndugu. Tulihama huko zamani. Sasa tuko Muthangari, ukumbi nyuma ya kanisa, Jumanne na Jumamosi jioni. Nani alikwambia tuko mjini?"

"Mama mmoja. Ndugu yake alikuwa anakuja."

"Kumbi hubadilika. Kila mara piga simu kwanza, uulize siku, saa na mahali. Kama huna namba, uliza kituo cha afya. Au piga simu ya bure ya serikali ya mambo ya ulevi. Na ukifika getini, taja kitu unachotafuta. Soja ameona mengi. Hatazimia."

"Ni lazima niwe wa kanisa lenu?"

"Sisi hatuna kanisa. Tunatumia ukumbi tu. Mwislamu anakuja, Mhindu anakuja, asiyesali anakuja. Hakuna kiingilio. Jina moja linatosha. Na yanayosemwa ndani hayatoki nje."

"Basi leo naanza," alisema Zedekiah. "Kuanzia sasa sionji tena."

"Ngoja kwanza." Sauti ya Kivuva ilibadilika. "Unakunywa asubuhi?"

"Ndiyo."

"Ukikosa, unatetemeka? Unaona vitu?"

"Siafu," alisema Zedekiah. "Na sufuria yetu."

"Basi usiache ghafla peke yako. Nisikilize vizuri. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa kwa mara moja, unaweza kuanguka kifafa. Mtu anaweza kufa. Kesho asubuhi nenda hospitali. Waambie ukweli wote, usipunguze. Watakupa dawa na kukuangalia mpaka hatari ipite. Hospitali inautoa mwili kwenye pombe. Sisi tunakusaidia usirudi. Unahitaji zote mbili. Na gari usiguse. Uko na mtu nyumbani?"

"Mke wangu."

"Mwambie leo. Si kesho."

Zedekiah alimrudishia Rachael simu. Kupitia mlangoni walimsikia Odhiambo akiuliza, "Jamani, sasa hili tangazo tuliandikeje?"

Rachael alipangusa macho. "Andika, 'baada ya kuugua kwa muda mrefu,'" alisema kwa sauti. "Hiyo angalau ni kweli."

Jioni ile Zedekiah alimweleza Naliaka kila kitu: chupa, dawa ya Mama Kanchan, kamati ya mazishi. Naliaka alisikiliza bila kumkatiza. Hiyo ilikuwa ajabu, kwa sababu Naliaka huwakatiza hata wasomaji wa habari redioni. Mwishowe alisema, "Kesho twende wote."

Hospitalini muuguzi Stellah aliuliza, "Unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Kidogo," alisema Zedekiah.

Naliaka alikohoa.

"Kiasi," alisema Zedekiah.

Naliaka alikohoa tena.

"Sista," alisema Zedekiah, "andika nyingi."

Alilazwa siku chache. Alipewa dawa za kutuliza mwili, na vitamini, na uji. Siafu walichungulia mara moja, wakakuta muuguzi yuko macho, wakaenda zao. Mama Kanchan alimpigia simu kila siku kumuuliza kama amekula. Alipoambiwa amekula nyama, alisema, "Mungu akusamehe. Lakini kula."

Jumamosi baada ya kutoka, alienda Muthangari. Soja wa pale alimuuliza, "Unataka wapi?"

Zedekiah alivuta pumzi. "Nimekuja mkutano wa watu wanaoacha pombe."

"Mlango ule wazi," alisema soja. "Harakisha, chai inapoa."

Waliokuwa ndani tutawaacha humo ndani. Walikuwa wenye suti na wenye aproni, wa kiume na wa kike. Kivuva alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu. Alimwonyesha kiti. Mmoja alisimulia, wengine wakasikiliza. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, na hakuna aliyehubiri. Zamu yake ilipofika, Zedekiah alisimulia habari za kamati ya mazishi. Walicheka mpaka kiti kimoja cha plastiki kikavunjika mguu. Kisha mama mmoja akasema, "Hata mimi niliona wadudu. Wangu walikuwa nyuki." Zedekiah akaona kitu kizito kinamshuka mabegani.

"Niahidi sitakunywa tena maisha yangu yote?" aliuliza baadaye.

"Maisha yote ni mzigo wa lori," alisema Kivuva. "Wewe beba leo. Kesho utapiga simu, tutabeba ya kesho."

Naliaka naye alipata kikundi chake, cha jamaa za walevi. Huko aliambiwa kwamba ulevi wa mumewe si kosa lake, na kwamba kumtungia uongo kwa majirani hakumsaidii. "Malaria" ya Zedekiah, ile aliyowatajia majirani, ikaisha siku hiyohiyo.

Njia haikunyooka. Kwenye harusi ya jirani, mtu alimpa Zedekiah glasi, naye akainywa, na ya pili pia. Asubuhi, kabla ya kufanya lolote, alimpigia Kivuva.

"Nimeanguka," alisema.

"Umeumia wapi?" aliuliza Kivuva. "Njoo jioni. Kiti chako hakijachukuliwa na mtu."

Halafu akaenda Spring Valley, akasimama mbele ya Mama Kanchan. Wakati huo mwanawe alikuwa amerudi. Alikuwa ameambiwa ukweli, akanung'unika, akakubali Zedekiah ashughulikie bustani mpaka daktari aridhike. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya kurudishiwa funguo.

"Mama, usinipe funguo," alisema Zedekiah. "Jana nilikunywa."

Mama Kanchan alizirudisha funguo kikapuni. "Navnit alipoanguka, alinificha mwezi mzima," alisema. "Chukua jembe. Maua yanangoja."

Funguo alizipata baadaye, daktari aliporidhika na Mama Kanchan alipomaliza sweta moja. Chupa ya maji nayo ilirudi katikati ya viti. Kila asubuhi, saa ya kidonge, Mama Kanchan aliichukua, akaifungua, akainusa kama mbwa wa polisi, ndipo akanywa. Zedekiah hakukasirika. Alishika usukani, akangoja anuse.

Mvua zilikuja, zikaenda. Siku moja foleni ilikuwa mbaya tena. Mama Kanchan alikuwa akiongea na dada yake kwenye simu, wakigombana juu ya achari ya maembe. Saa ya kidonge ikafika. Muuza njugu alikuwa karibu na dirisha. Alipoona chupa inachukuliwa, alirudi nyuma haraka na kikapu chake.

Mama Kanchan aliweka kidonge ulimini. Akafungua chupa, akanywa funda kubwa, akameza. Akairudisha mahali pake na kuendelea na achari.

Hakuwa amenusa.

Zedekiah alikuwa ameona kwenye kioo. Magari ya mbele yalisogea, naye akaliondoa gari polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, imetulia.